Mke wangu hamezi tena, nirudishe mpira wa puani? Naombeni ushauri

Kijana wa Raskazone: Wakuu, habari za usiku. Mke wangu ana ugonjwa wa kusahau, huu mwaka wa saba. Tangu Krismasi haongei wala hatembei, na sasa chakula anakiweka shavuni tu. Hospitali walimwekea mpira wa puani wa kulishia. Umetoka. Daktari anasema tuurudishe, au tukae naye nyumbani hivi hivi. Ninyi mngefanyaje?

Bandari Salama: Pole mkuu. Bibi yangu alikuwa hivyo, ikasemwa shangazi kamchezea. Ukoo ukagawanyika, mpaka leo hatuzikani.

Chumvi ya Mawe: Baba yangu alikuwa anadai nauli arudi kwao Pangani, na Pangani ndiko tulikokuwa. Asubuhi nampa sarafu ya mia tano, jioni naichukua mfukoni mwake. Sarafu moja hiyo hiyo, miezi kumi.

Sista wa Zamu: Mleta mada, "umetoka" vipi? Mpira ule hubandikwa plasta. Aliuchomoa?

Kijana wa Raskazone: Nimeuliza urudi au usirudi, sijauliza plasta.

Sista wa Zamu: Nani aliutoa?

Kijana wa Raskazone: Mimi. Jumapili alfajiri. Walimfunga mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda asiuchomoe. Miaka 41 ya ndoa sijawahi kumkaba mkono. Nesi nilimwambia kauchomoa mwenyewe, na watoto pia. Wao wanataka urudi, na hela ni zao. Mngeona macho yake msingeniuliza.

Mtumishi: Umemnyima chakula asiyeweza kujitetea. Utakwenda kujibu.

Sista wa Zamu: Acha kumtisha mtu. Ugonjwa ukifika hapo mpira hauongezi maisha, wala hauzuii kupaliwa. Nimonia huja vile vile. Madaktari wa wazee wa Marekani wenyewe wanashauri kulisha kwa mkono. Mkalishe wima, kijiko cha chai, uji usiwe mwepesi kama maji, subiri ameze. Akifumba mdomo, acha. Midomo ilowesheni kwa kitambaa. Na ulizia tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Akihema kwa taabu ipo morfini ya kunywa. Ila watoto waambie.

Kipanga 88: Ngojeni. Huyu huyu mwezi wa tatu alileta uzi anatafuta mchumba, "miaka 27, nina bodaboda yangu". Leo ana ndoa ya miaka 41? Chai hii, leteni maandazi.

Bandari Salama: 😂😂 Nakaa paleee.

Kijana wa Raskazone: Simu ni ya kijana wangu wa mwisho. Yangu ya tochi. Kalala.

Kipanga 88: Kwa hiyo akiamka anasoma humu kwamba baba ndiye aliyeutoa?

Chumvi ya Mawe: Mods, futeni uzi.

Kijana wa Raskazone: Kufuta wanafanyaje?

Sista wa Zamu: Usifute, mzee wangu. Mwamshe, akusaidie kumkalisha mama yake.

Kijana wa Raskazone: Uji wa mchele au wa ulezi, upi unashuka vizuri?

Bandari Salama: Ulezi, mzee. Ila uchuje mabonge.