Ebola ya Kivu: kwa nini dharura ya kimataifa ilichelewa karibu mwaka mzima?

Msomaji wa Kigoma:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, lakini Shirika la Afya Duniani halikuuita dharura ya kimataifa hadi 17 Julai 2019, mgonjwa alipogunduliwa Goma, mji ulio mpakani na Rwanda. Kamati ya wataalamu ilikuwa imekwisha kukataa mara tatu, mara ya mwisho Juni, siku chache baada ya ugonjwa kuingia Kasese, Uganda. Kama kuvuka mpaka si jambo la kimataifa, lipi basi?

Afisa Afya Mstaafu:
Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinataka tukio, ili liitwe dharura, liwe si la kawaida, lihatarishe nchi nyingine, na huenda likahitaji hatua za pamoja. Wajumbe walikiri hatari kwa majirani, ila walihofia kwamba tangazo lingezifanya serikali zifunge mipaka, na wasafiri wakakimbilia njia za panya ambako hakuna anayewapima joto. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani tarehe 1 Agosti 2019 Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma kwa saa kadhaa. Hata hivyo naona walikosea: kazi yao ilikuwa kupima hatari, si kukisia hasira za serikali.

Mama wa Butembo:
Kaka, huku kwetu hakuna aliyekuwa akisubiri neno la Geneva, makao makuu ya Shirika hilo. Desemba 2018 tuliambiwa uchaguzi wa Beni na Butembo umeahirishwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais akaapishwa Januari, nasi hatujapiga kura. Baada ya hapo ungemshawishi nani kwamba ugonjwa huo haukuwa siasa? Februari vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili Dkt. Richard Mouzoko kutoka Cameroon akauawa akiwa hospitalini. Wakati huohuo surua, ambayo haikuletewa misafara ya magari, iliua watu zaidi ya 6,000 nchini, wengi wao watoto, ilhali Ebola hadi inamalizika Juni 2020 ilikuwa imeua 2,287.

Mwanafunzi wa Epidemiolojia:
Nakubaliana na Mama kuhusu imani ya watu, lakini tusiufute msaada wote. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa kufuata mnyororo wa maambukizi, yaani waliokutana na mgonjwa na waliokutana na hao, kwa chanjo inayohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi -60 za Selsiasi au chini ya hapo. Jaribio la dawa aliloliongoza Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na wenzake lilibainisha tiba mbili zinazookoa maisha.

Mama wa Butembo:
Sikatai, mwanangu. Ila chanjo hiyo ilianza Agosti 2018, bila tangazo lolote.

Afisa Afya Mstaafu:
Ni kweli, na ndiyo maana wengi walipendekeza kuwe na ngazi ya tahadhari iliyo chini ya dharura, ili fedha zianze kutoka mapema. Marekebisho ya kanuni yaliyopitishwa 2024 yaliongeza ngazi moja, lakini waliiweka juu ya dharura, si chini yake.