Ripoti ya ustawi iwe na uzito gani mtoto akigombaniwa na baba mpigaji?

Mleta mada: Wana Mwanza tujadili hili bila matusi. Mdogo wangu anakaa Igoma, aliachana na mumewe baada ya kipigo kilichomvunja mkono, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) ipo. Jamaa kaenda mahakamani anataka mtoto awe analala kwake wikiendi, hakimu akaagiza ripoti ya ustawi wa jamii. Afisa kaja mara moja tu, kakaa sebuleni kwa baba, kaletewa soda, akamuuliza binti wa miaka 6 "unampenda baba?" na baba mwenyewe yupo kochi hilohilo anamtazama. Mtoto akaitikia ndiyo huku anafungua na kufunga kifungo cha gauni. Ripoti: "uhusiano mzuri na baba." Mkono umepewa mstari mmoja, eti ugomvi wa wanandoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka mahakama izingatie maoni ya mtoto kama kayatoa kwa uhuru, sasa uhuru gani huo jamani?

Baba Kulwa: Pole dada, ila na sisi akina baba tusikilizwe. Mi miezi minane sijamuona wangu, mama yake kahamia Sengerema, nikipiga simu mtoto anaongea kama kakaririshwa. Tukianza kuzitupa ripoti za wataalamu si kila mwenye hasira na mzazi mwenzie atasema kapigwa na mchezo umeisha?

Mama Doto: Baba Kulwa nakuelewa, wapo wanaoficha watoto kwa kukomoa tu. Ila hilo la kukaririshwa ndo kichaka cha wapigaji, sisemi wewe. Mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu wa UN wa mambo ya ukatili dhidi ya wanawake, alipeleka ripoti Baraza la Haki za Binadamu akashauri nchi zipige marufuku hoja ya kwamba mama kamjaza mtoto maneno amchukie baba, maana kwenye kesi za familia inafunika kipigo. Na mleta mada, ripoti ya ustawi ni ushauri, haimfungi hakimu. Muombeni afisa aitwe aulizwe: mtoto ulimhoji wapi, nani alikuwepo, PF3 uliiona?

Baba Kulwa: Hapo kwenye nani alikuwepo siwezi kubisha. Hata wangu ningetaka aulizwe peke yake, mama yake akae nje.

Mleta mada: Mdogo wangu hana wakili. Kesi inatajwa wiki ijayo, hayo maswali matatu nimemwandikia kwenye karatasi aende nayo.