Tuliwaita walimu wetu wastaafu ili tuwadhalilishe? Kamati ya maandalizi itoe mchanganuo wa michango

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Sisi tuliomaliza kidato cha nne mwaka 1987 katika shule moja ya bweni mkoani Tanga, ambayo siitaji kwa kuwa shule yenyewe haina kosa, tulichangishwa shilingi laki moja na nusu kila mmoja kwa ajili ya kile ambacho kamati ilikiita "siku ya kuwaenzi walimu wetu". Wengi wetu tusingetoa hata senti ili tukutane sisi kwa sisi na kupiga picha. Tulitoa kwa sababu ya walimu.

Walimu walikuja. Kadi ziliwataka wawe ukumbini saa nne asubuhi, na kwa kuwa ni walimu wa zamani, saa nne kasorobo walikuwa wameketi, wazee wa miaka sabini na themanini, mmoja akiwa ametoka Lushoto kwa basi la alfajiri na mjukuu wa kumshika mkono. Shughuli ilianza saa nane na nusu, kwa sababu tulikuwa tukimsubiri mgeni rasmi, mwanasiasa ambaye hakusoma pale wala hakufundisha pale, na ambaye alipowasili alizungumzia mafanikio yake mwenyewe kisha akaondoka kabla walimu hawajatambulishwa. Meza kuu ilijaa wanakamati na wenzi wao. Walimu waliwekwa pembeni kabisa, mbele ya spika za muziki, kiasi kwamba mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye sikio moja halisikii tena, alikaa muda mrefu ameliziba kwa kiganja lile linalosikia.

Kilichoniudhi zaidi ni alichofanyiwa mwalimu wa Hisabati. Mshereheshaji, kijana wa kukodiwa, alimwita mbele, akamkabidhi fimbo na kumtaka "atucharaze kidogo kama zamani" ili watu wacheke, na watu kweli walicheka. Sikatai kwamba mzee huyo alichapa, na wapo miongoni mwetu wenye haki ya kumuuliza kuhusu hilo, lakini kuulizana si kuchekana. Aliomba aseme machache aliyokuwa ameyaandika kwenye karatasi ya daftari. Akajibiwa kwamba muda umebana, akaikunja karatasi yake na kuirudisha mfukoni, na muziki ukaendelea kwa zaidi ya saa nzima.

Huyo ndiye tuliyemkuta tulipoingia kidato cha kwanza mwaka 1984. Wanaoikumbuka Aprili ile, tulipokusanywa mstarini kutangaziwa kifo cha Waziri Mkuu Edward Sokoine, watakumbuka pia kwamba sabuni, sukari, hata chaki, vilikuwa vitu vya kutafutwa. Kitabu cha majedwali ya logi tulikuwa tukikigombania, mpaka yeye alipoamua kutunakilia kurasa kwa mkono, usiku, kwa taa ya chemli. Kati ya wanaojiita wahandisi na wahasibu katika kamati, sidhani kama yupo ambaye hakuzitumia karatasi zile.

Chakula nakipitia haraka: walimu walihudumiwa mwisho, na pilau ilikuwa imekwisha. Kila mmoja alipewa cheti, ambacho kwa wawili kilikosewa jina, pamoja na bahasha ya shilingi elfu ishirini, ambayo kwa yule wa Lushoto na mjukuu wake haikutosha hata nauli. Mpiga picha wa droni, kwa taarifa zenu, alilipwa siku ileile, taslimu.

Ajabu ni kwamba watu hawahawa, wanaokaribia miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, hawalali kwenye kundi letu la WhatsApp wakilalamikia kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu. Mwaka 2022, mkupuo, yaani sehemu ya mafao inayolipwa kwa mara moja, ulipowekwa asilimia 33, walisema Serikali haiwathamini waliolitumikia taifa. Mwaka 2024, ulipopandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa 50 kabla ya mabadiliko ya 2022, walisema bado haitoshi. Ninakubaliana nao. Sasa wastaafu waliotulea tumewaweka mbele ya spika na kuwapa wali mkavu, halafu tunalalamika?

Kamati imenijibu kwamba "walimu wenyewe walifurahi na kushukuru". Mlitegemea waseme nini? Ni watu waliotufundisha sisi kusema asante, tena mbele ya wageni.

Nataka mambo ambayo hayahitaji kikao: mapato na matumizi yote yawekwe wazi pamoja na risiti, nauli ya kila mwalimu ilipwe kamili, vyeti vilivyokosewa vichapwe upya, na mwenyekiti aende mwenyewe kumwomba radhi mwalimu wa Hisabati nyumbani kwake, si kwa ujumbe wa simu. Nasikia kuna mchango mwingine umeanza kwa ajili ya mkutano wa mwakani. Mimi sitoi shilingi mpaka haya yatekelezwe, na kwa kuwa wapo wanaonong'ona pembeni kwamba nao waliudhika, nawaomba waseme hapa kwa majina yao.