Mjadala: Athari kwa mazingira zipimwe bidhaa ikiwa bado mchoro, au tusubiri takwimu?

MLETA MADA
Wadau, nabuni vifaa vya umeme vya nyumbani, na jambo hili linaninyima raha. Kwenye kampuni niliyokuwa zamani tulibuni taa ya kuchaji. Betri tuliifungia ndani ya gamba lililogandishwa kwa gundi, kwa kuwa gundi ilitupa umbo jembamba lisiloingiza maji. Tathmini ya mazingira ikaja mwishoni, kalibu zimeshachongwa. Ilisema tulichopaswa kukijua wenyewe: betri itachoka mapema kuliko taa yote, na hakuna atakayeweza kuibadilisha bila kupasua gamba. Kikaoni kila mtu alikubali kuwa ni kweli. Hakuna aliyethubutu kusema kalibu zitupwe. Taa ikaenda sokoni vilevile, ripoti ikabaki kabatini.

Ndiyo maana nasema tathmini ifanyike bidhaa ikiwa bado penseli na karatasi, hata kwa makadirio ya juujuu, na sheria ilazimishe. Siku hiyo kuacha gundi na kuweka skrubu ni kufuta mstari tu. Umoja wa Ulaya umeshaanza kubana: kanuni yao ya betri ya mwaka 2023 inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Naomba hoja, hasa za wanaopinga.

INJINIA WA UZALISHAJI
Mkuu, uchungu wako nauelewa, dawa yako ndiyo siikubali. Tathmini ya mzunguko wa maisha ya bidhaa, yaani kupima athari zake tangu malighafi mpaka inapotupwa, ina viwango vyake vya kimataifa, ISO 14040 na 14044, na vinadai takwimu: malighafi kilo ngapi, imetoka wapi, umeme wa kiwanda unazalishwa na nini. Kwenye penseli hujui hata kimoja. Chukua gamba la alumini. Kuyeyusha alumini iliyotumika hula kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa kwenye madini. Kabla idara ya manunuzi haijasaini mkataba sijui nitapata ipi, kwa hiyo jibu langu linaweza kupanda au kushuka mara nyingi. Huko ni kubahatisha.

Kuna na zito zaidi. Gesi za CFC zilipobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya majokofu, zilisifiwa kwa usalama: haziwaki, wala hazikuwa na sumu kama gesi zilizotumika kabla yake, ambazo ziliua watu. Tathmini yoyote ya wakati ule ingezipitisha. Ni mwaka 1974 ndipo wanakemia Molina na Rowland walipoonyesha kuwa zinaweza kuharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kuzipunguza, ikafuata mwaka 1987. Kuwahi hakukuonyeshi usichokijua. Nguvu zetu ziende kwenye kufuatilia bidhaa zikiwa mikononi mwa watu, na kusahihisha haraka.

MCHAMBUAJI WA PLASTIKI
Injinia, mimi napokea kazi zenu mwisho wa safari. Plastiki nyeusi nyingi hupata rangi yake kutoka kwenye masizi ya kaboni. Mashine zetu humulika mwanga wa infraredi na kutambua aina ya plastiki kwa mwanga unaorudi. Masizi huumeza mwanga huo. Trei inaweza kuwa ya plastiki safi kabisa inayorejelezeka, lakini mashine haiioni, inapita nayo mpaka kwenye rundo la kuchomwa au kufukiwa. Chupa iliyovishwa lebo mwili mzima nayo ni shida ileile: mashine inasoma lebo, haisomi chupa.

Kuyajua haya kulihitaji mkataba gani wa manunuzi? Mtu alichagua rangi siku ya kwanza, na hakuna aliyemuuliza chochote. Kila siku nasimama mbele ya mkanda naona vitu vizuri vikienda shimoni kwa sababu ya uamuzi wa dakika tano.

FUNDI WA KARAKANA NDOGO
Sisi tuko wanne. Kwa mwezi tunapata mawazo kumi, na kati ya hayo tisa yanakufa yenyewe. Sheria ikitaka kila wazo lipimwe, nani atalipia mtaalamu na hifadhidata? Wakubwa watajaza fomu, sisi tutafunga. Kupima sikupingi, napinga kulazimishwa.

MLETA MADA
Fundi, hapo umenibadilisha. Niliposema sheria ilazimishe, akilini nilikuwa na kiwanda chenye idara nzima ya wanasheria. Nikifikiri vizuri, sheria zilizofanya kazi hazikukagua mawazo ya mtu. Mfano ni ukomo wa Ulaya wa umeme unaoliwa na kifaa kikiwa kimezimwa: wati 1 kuanzia mwaka 2010, nusu wati kuanzia mwaka 2013. Hakuna aliyepekuliwa michoro, ila ukomo ulitangazwa mapema na wabunifu wakalazimika kuufikiria tangu mwanzo. Njia hiyo ni bora kuliko fomu. Sharti la kupima kila wazo naliondoa.

Injinia, kwenye CFC sina jibu la kukushinda. Upimaji wa baada ya mauzo lazima uwepo. Lakini penseli haiulizi swali unalolikataa. Mimi nataka kujua mzigo uko wapi, si una gramu ngapi. Kwenye mashine ya kufulia nguo kwa maji ya moto, umeme mwingi huishia kwenye kupasha maji, nyumbani kwa mtumiaji. Kwenye simu janja, sehemu kubwa ya hewa ukaa imeshatoka kabla simu haijawashwa mara ya kwanza. Anayejua hayo mawili tu anajua pa kushika: mashine ifue vizuri kwa maji ya baridi, simu idumu na itengenezeke.

INJINIA WA UZALISHAJI
Kwa kuchagua kati ya wazo na wazo, nakubali. Hofu yangu ni kwamba makadirio hayabaki mezani. Idara ya masoko huyaona, na kesho yako kwenye boksi. Mwaka 2018 Wakala wa Mazingira wa Denmark ulilinganisha mifuko ya kubebea bidhaa. Mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane na wa plastiki kwa kigezo cha tabianchi. Vigezo vyote vilipohesabiwa, ozoni ikiwemo, ikawa mara 7,100. Mfuko ni uleule. Mwenye kuchagua kigezo ndiye anayechagua mshindi, na kwenye penseli utachagua unachokipenda.

Na ile asilimia 80 ya athari inayodaiwa kuamuliwa kwenye usanifu, ambayo hata Tume ya Ulaya huirudia: kabla ya kuitumia, muulize anayekutajia ilipimwaje.

MLETA MADA
Sitaitumia. Kuhusu boksi nakuunga mkono kwa nguvu zote: makadirio ya mapema ni ya kuchagulia, si ya kujitangazia. ISO 14044 inataka tathmini inayotangaza kwa umma kuwa bidhaa yako ni bora kuliko ya mwenzako ipitiwe kwanza na jopo la wadau na wataalamu wa nje. Hapo ndipo ningependa sheria iume: tarakimu za hatua ya mchoro zipigwe marufuku kwenye lebo na matangazo. Ndani ya kampuni zitunzwe, na bidhaa ikishakaa sokoni mtu arudi kulinganisha kilichokisiwa na kilichotokea. Pale zamani hakuna aliyewahi kurudi kuulizia taa zile.

Mchambuaji, niandikie basi maswali ambayo ungetaka mbunifu aulizwe siku ya kwanza, kuanzia la rangi. Jumatatu nina kikao cha wazo jipya na bado hatujachora mstari hata mmoja.