Naombeni ushauri: muhula mmoja India, mama hajaridhia

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nasoma falsafa hapa Tabora, mwaka wa pili. Nimepata nafasi ya muhula mmoja Bodh Gaya, India, kusoma falsafa na dini pale ambapo Wabudha wanaamini Buddha alipata mwangaza chini ya mti. Hekalu la hapo, Mahabodhi, limo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2002. Natamani mno kwenda.

Tatizo ni mama, yuko Ujiji. Kila nikimpigia: "Utaswali wapi huko, mwanangu?" Nimemweleza Bihar, jimbo ilipo Bodh Gaya, kuna Waislamu wengi na misikiti ipo, bado hajatulia. Anahofia nitabadili dini, na bila radhi yake siondoki.

Mliosoma nje, wazazi mliwaelewesha vipi? Na alama za huko vyuo vyenu vilizitambua, au mlirudia masomo?