Kusafisha tangi dogo la samaki bila kuwaua: nimwage maji yote?

mwanga_kwa_juu
Wakuu habari za leo. Nina tangi la kioo, sm 60 kwa 30 kwa 30, lipo sebuleni hapa Kigoma. Chini kuna mchanga, mawe na makombe ya konokono. Filta ni ya sponji, inaendeshwa na pampu ya hewa, na hita ipo. Ndani wamo samaki wa miambani aina ya Julidochromis 2 na wale wadogo wanaolala kwenye makombe, wapo 4. Wote ni wa ziwani kwetu.

Kioo kimeshika mwani, sponji imekuwa kahawia, na mchanga ukiuchezea unatoa moshi wa uchafu. Jirani ananishauri niwaweke samaki kwenye beseni, nimwage maji yote, nisugue kila kitu kwa sabuni na jiki, halafu nijaze upya. Ni sawa? Na maji nichote ziwani au bombani?

fundi_sponji
Hapana mkuu. Ubaya wa njia ya jirani yako ni kwamba samaki hawafi siku hiyohiyo. Wanakufa siku ya tatu, ya nne, hata ya saba, maji yakiwa meupe kabisa, na mtu anasingizia chakula.

Sababu iko kwenye sponji. Ule ukahawia ni makazi ya bakteria. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua na mkojo. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia hadi utakapobadilisha maji. Ukisugua sponji kwa sabuni au jiki umewaua wote, na kuwarudisha kwa wingi ule ni kazi ya wiki kadhaa.

Kwa samaki wetu hali ni mbaya zaidi. Ziwa Tanganyika lina pH (kipimo cha ukali wa asidi au ubesi wa maji, 7 ikiwa katikati) karibu 9. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita asilimia 30. Kwa hiyo uzembe ambao mfugaji wa samaki wa maji laini (yenye madini machache na pH ya chini) unampita hivihivi, wewe utakuulia tangi zima kwa usiku mmoja.

Fanya hivi. Samaki wabaki humohumo. Kuwakimbiza na kuwavua kunawaumiza kuliko uchafu wenyewe.

Kwanza chomoa hita na usubiri kama dakika 15. Hita yenye moto ikibaki nje ya maji, kioo chake kinapasuka. Kisha futa mwani kwenye kioo cha mbele tu. Kadi ya zamani ya benki inatosha, ila usiishushe hadi kwenye mchanga, maana chembe moja ikinasa chini ya kadi inachora mstari usiofutika. Vioo vya nyuma na pembeni viache na mwani wao, Julidochromis watautafuna na vijidudu vilivyomo.

Halafu nyonya maji. Tangi lako ni lita 54 kwa vipimo, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama 45. Robo yake ni lita 11 hivi, yaani nusu ndoo ya lita 20 na kidogo. Tumia mpira laini wa mm 12, ule unaoonyesha ndani ambao mafundi ujenzi wanaupimia levo, mita moja na nusu. Kata kichwa cha chupa ya maji ya nusu lita, mdomo wake uuchomeke kwenye mpira, upande mpana uelekee chini. Ukiugusisha kwenye mchanga, mchanga unarukaruka humo ndani na kurudi chini, kinyesi chepesi ndicho kinachopanda. Fanya theluthi moja ya sakafu kwa wiki, siyo yote, kwa sababu na mchanga nao una bakteria.

Maji hayo uliyoyatoa usiyamwage kwanza. Kamulia sponji humo mara tatu au nne, irudishe ikiwa bado na rangi yake. Ikipitisha hewa vizuri, basi imesafishika. Mwezi mmoja mara moja inatosha.

bangwe_pwani
Niongezee upande wa maji. Bomba la Kigoma mjini chanzo chake nacho ni ziwa, hivyo ugumu (wingi wa madini) na pH haviachani sana. Kinacholitofautisha ni klorini, na hiyo inachoma matamvua na kuua bakteria. Yaweke kwenye ndoo isiyo na mfuniko saa 24, zikifika 36 ni bora zaidi. Ukitumbukiza jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu, linalounganishwa na pampu) klorini inatoka haraka. Ndoo iwe ya samaki tu. Ikishawahi kufulia, hata uisuuze vipi, usiiamini.

Ukichota ziwani, kaa mbali na mialo inakoegesha mitumbwi, pale juu ya maji huwa kuna mafuta ya injini. Yaache siku mbili kabla ya kuingiza mkono. Vijidudu vya kichocho vinavyopenya kwenye ngozi haviishi zaidi ya saa 48 bila kupata mtu. Na mpira usiuvute kwa mdomo: uzamishe wote ujae maji, ziba ncha moja kwa kidole gumba, ishushe kwenye ndoo, achia.

Maji ya mvua ya bati usiyatumie kwa samaki hawa. Hayana madini na pH itayumba.

Unaporudisha, mimina taratibu juu ya sahani au jiwe, tofauti ya joto isizidi nyuzi 2. Hita iwashe maji yakishaifunika.

mwanga_kwa_juu
Asanteni sana. Makombe je, niyatoe niyaoshe? Na umeme ukikatika saa nyingi?

fundi_sponji
Makombe yaache. Kila moja lina mwenyewe, na ukilihamisha hata sm 10 wanaanza kupigana mipaka upya. Mara nyingi ndani kuna vifaranga ambavyo huvioni. Lililonuka kama yai viza tu ndilo ulitoe.

Umeme ukikatika, saa mbili tatu si tatizo kwa samaki 6. Zaidi ya hapo chota maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, mara ishirini hivi, kila nusu saa, na usilishe kabisa hadi siku inayofuata. Ukiona wanapumua juujuu baada ya usafi au baada ya giza, badilisha theluthi ya maji kwa yale yaliyotuama, ongeza hewa, simamisha chakula siku mbili. Usikimbilie dawa.

mama_vioo
Hakuna aliyeuliza chakula, na uchafu mwingi ndiko unakotoka. Unga wa dagaa una mafuta, unatanda juu na kuziba hewa. Kama ndio ulio nao, uchekeche, toa vumbi, na wape kiasi wanachomaliza ndani ya dakika moja, mara moja kwa siku. Siku moja ya wiki wasile kitu. Na ukija kuongeza Tropheus, samaki wengine wa ziwa hilihili, wao wasiguse dagaa hata kidogo. Utumbo wao ni mrefu, wa kula mwani, na vyakula vya nyama huwavimbisha tumbo hadi kufa.