Tupeane uzoefu: baada ya ajali kazini kwenu, waliuliza "nani" au waliuliza "kwa nini"?

Wakuu, salaam. Niko mwaka wa sita kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Naanza na yangu.

Mwenzetu wa shifti ya usiku aliteleza na kreti, kiganja kikatua kwenye kisu cha jirani yake. Ripoti ikawa mstari mmoja: "uzembe wa mfanyakazi." Akapewa barua ya onyo nyuzi zikiwa bado mkononi. Wiki mbili baadaye akaanguka mama mwingine, palepale, hatua tatu kutoka chumba cha barafu.

Safari hii supavaiza mpya hakuuliza nani. Alichuchumaa na gambuti zake kwenye maji, akauliza yanatoka wapi na kwa nini hayaondoki. Tukainua kifuniko cha mfereji: magamba, ngozi na mafuta yaliyoganda hadi juu. Kwa nini havitolewi? Wasafishaji wamebaki mchana tu. Kwa nini? Ratiba ilibadilishwa, sisi wa usiku hatukuulizwa. Na kila siku tulikuwa tunateleza pale, tunashika ukuta, tunaendelea. Nani aseme, wakati aliyeumia ndiye aliyepewa barua? Hilo linaniuma hadi leo.

Mfereji sasa unasafishwa kila shifti, na mlangoni kuna daftari la "nusura", yaani ajali zilizokaribia kutokea, unaandika bila jina. Wiki ya kwanza zilijaa kurasa nne.

Kwenu je?

Fundi wa Mabatini: Sisi tunajenga mlimani kwenye mawe. Mrunda, ule mti wa jukwaa, ulivunjika, kijana akaanguka. Asubuhi nafika, jukwaa limeshafumuliwa, miti iko saiti nyingine. Utachunguza nini hapo? Siku hizi majeruhi akishaondoka, hakuna kugusa kitu mpaka nipige picha.

Dada wa maghala, Igoma: Mkuu, huyo wa kwanza alilipwa? Sheria ya usalama kazini ya 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa ya ajali OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini.

Mwanzisha mada: Dada, umegusa penyewe. Kwa sababu ya lile neno "uzembe" aliamini hana haki, hakudai. Ni mwenzetu mmoja aliyemweleza kwamba fidia ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), kwa sheria ya 2008, haikutaki uthibitishe kosa la mwajiri. Ndipo akapeleka madai. Kidole cha kati bado hakikunji.